Mwali wa Waya na Sponji

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani na viatu vya dada yangu, nikijua nakwenda kushona. Tangazo lilisema Kitengo cha Sinema za Mafunzo, Dar es Salaam, kinahitaji mshonaji mwanamke mwenye mkono mwepesi. Mimi Mektilda, binti wa kijiji cha Mchombe, nilikuwa na cheti cha ushonaji kutoka kwa masista, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kweli. Nikawaza nitashona mapazia, au sare za madereva. Nilipoingia nikakuta chumba kimezibwa madirisha yote kwa kaniki, taa mbili kali zinaunguza meza, na juu ya meza kasimama mwanasesere wa mkulima mwenye jembe, urefu wake shubiri moja na kidogo.

Mpiga Picha Mkuu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka.

"Marahaba. Nawa mikono, halafu njoo umsogeze jembe kiasi cha punje ya mchele."

"Nimsogeze nani, mzee?"

"Huyu mkulima. Punje moja, si mbili."

Nikasogeza. Kamera ikalia mara mbili. "Tena," akasema. Nikasogeza tena. Ikawa hivyo mpaka saa kumi, mgongo unaniwaka, jasho linanitiririka, na yule mkulima bado hajafikisha jembe chini. Wakati wa kufunga nikauliza, kwa adabu zote, leo tumepiga sinema ya muda gani. Mzee akatazama daftari lake. "Sekunde tisa," akasema. Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Kesho yake nikarudi, na niliendelea kurudi kwa miaka thelathini na miwili.

Kwa ninyi vijana mnaosoma, nieleze kidogo. Sinema yoyote ni picha zilizosimama. Zinapita mbele ya taa, picha ishirini na nne kwa sekunde moja, na jicho linadanganyika kwamba kitu kinatembea. Sisi tulikuwa na mwanasesere. Unampiga picha mbili, unamsogeza kidogo, unampiga nyingine mbili, na ukifanya hivyo mara kumi na mbili ndipo umepata sekunde moja. Wenyewe tuliiita kazi ya picha moja-moja. Mifupa ya mwanasesere ni waya uliosokotwa, nyama yake ni sponji ya godoro, na kichwa ni magazeti yaliyolowekwa katika uji wa muhogo, yakafinyangwa, yakaanikwa. Macho ni shanga. Chini ya nyayo kuna pini inayozama kwenye ubao ili aweze kusimama kwa mguu mmoja. Na ipo kanuni iliyo juu ya kanuni zote: ukishamweka, asiguswe na chochote isipokuwa mkono wa anayemsogeza. Nguo ikimpitia, upepo ukimgusa, kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea sinema ataonekana anaruka kama aliyechomwa sindano.

Mimi sijui kujishusha kwa jambo ninaloliweza. Mwaka wa pili haujaisha nilikuwa namsogeza mwanasesere vizuri kuliko mwanaume yeyote pale, na Mpiga Picha Mkuu alilisema hilo mbele ya watu siku anaaga kwenda kustaafu. Wengine walinuna. Wanune tu, kazi yangu ilionekana.

Mwaka wa sita Kitengo kilifungua kituo Ifakara, katika ghala kuukuu la mpunga, ili kutengeneza sinema za kilimo na afya za bonde la Kilombero. Wanaume walipoulizwa nani aende, mmoja akawa na mama mgonjwa, mwingine akawa na kesi ya kiwanja, wa tatu akasema waziwazi kwamba mbu wa kule hawezi. Tukapelekwa wanawake watatu. Mimi niliandikiwa cheo cha Msanii wa Wanasesere. Mpiga picha alikuwa Yustina, mzaliwa wa upande wa Mahenge, mrefu, mwenye ulimi usio na breki. Wa tatu Hadija, mwenyeji wa Ifakara mjini, fundi wa kujenga vijumba vya mezani, miti, nguo, vyungu, kila kitu kidogo. Alikuwa Mwislamu peke yake kati yetu, na Yustina hakuacha kumwambia kwamba akifa atamkuta yeye kwenye mlango wa peponi anahesabu walioingia kwa kuchelewa. Hadija alijibu kwamba mlango wenyewe atakuwa ameujenga yeye.

Tulitengeneza sinema ya kupanda mpunga kwa mistari, na ya kuchemsha maji ya kunywa. Kisha ikaja barua ya Mkuu wa Kitengo. Alitaka sinema ya dakika nane kwa ajili ya shule, kuhusu vita vya Maji Maji katika bonde letu. Iwe na wapiganaji, boma na bunduki za Mjerumani. Nilipomaliza kuisoma kwa sauti, Hadija akahesabu kwa vidole wapiganaji atakaowashonea nguo, akakaa chini.

Nikaenda Mchombe kumwuliza Bibi Matrona, mama yake mama yangu, aliyenilea. Wakati wa vita vile alikuwa msichana. Sasa alikuwa amepita miaka themanini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuniibia mume?" Babu alikuwa amekufa siku nyingi, lakini utani wake huo haukukoma.

Nikamwambia nilichokuja kutafuta. Akatikisa kichwa. "Vita sikuviona. Nilikuwa ndani."

Hapa wengi wenu mtaelewa, na wasioelewa niwasaidie. Zamani huku kwetu msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Alikaa humo miezi, pengine zaidi ya mwaka, anafundwa na somo wake, hatoki mchana, haonekani na wanaume, na hata akipita mlangoni kwa haja anafunikwa nguo gubigubi. Siku ikifika anatolewa kwa ngoma na vigelegele, ukoo mzima unasimama kumtazama, na kuanzia hapo ni mtu mzima. Ya ndani siwezi kuyasema. Hayasemwi, hata kwenye kitabu.

Bibi alikuwa ndani, somo wake akiwa shangazi yake, askari wa Mjerumani walipofika kijijini kwao. Alisikia miguu, akasikia milio ya bunduki, kisha akasikia paa likilia juu yake. Nyumba ilikuwa inawaka. Shangazi alikuwa ametoka, na hakukuwa na mtu wa kumfunika. Akatoka mwenyewe, mchana kweupe, kichwa wazi, mbele ya baba yake na wanaume wa kijiji na askari, akakimbilia kwenye matete ya mtoni. Mpunga wote uliteketezwa shambani na ghalani. Ikaingia njaa, watu wakachimba mizizi ya porini, na katika njaa ile shangazi yake akafa.

"Basi wanawake wakasema ni mimi," Bibi aliniambia. "Mwali aliyejitoa kabla hajatolewa, ndiye aliyeifungulia njaa mlango. Walisema nilipoolewa. Walisema nilipozaa. Mmoja alinikumbusha yuko kitandani anakata roho, Mungu amsamehe."

"Bibi, njaa waliileta waliochoma mpunga."

"Najua unavyojua wewe. Padri naye aliniambia si dhambi. Padri ni mwanaume, anajua nini habari za mwali?"

Miaka yote niliyolala naye kitanda kimoja, jambo hilo hakuwahi kunitajia. Akanigeukia, akawa ananitafuta kwa uso. Macho yake yalikuwa yameanza kwenda, na daktari alikuwa amemwambia kwamba kinachoondoka hakitarudi. Alisema anaona kama anayechungulia tundu la ufunguo, na kila mwezi tundu linapungua.

"Ninyi mnatengeneza watu wakatembea," akasema. "Nitengenezeeni yule msichana. Nataka nimtazame kwa macho yangu haya kabla hayajafunga. Nijue kama ni yeye."

Nilirudi Ifakara nikalia njia nzima kwenye lori la mpunga. Nilipowasimulia wenzangu, Yustina hakutania. Alisema tu, "Tunaanza lini?"

Tulimwandikia Mkuu kwamba katika sinema ya vita kutakuwa na sehemu ya mwali, dakika mbili, anavyotolewa nje kwa ngoma, ili wanafunzi waone maisha yalivyokuwa kabla ya vita. Akakubali kwa shingo upande. Mimi nia yangu, niseme ukweli, ilikuwa kumpa Bibi ngoma ambayo hakuipata. Nikaona nitamtoa mimi, kwa waya na sponji.

Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama wiki zile. Tulikuwa wanawake wazima wenye watoto nyumbani, na ikabidi tujifunze usichana upya. Msichana wa miaka kumi na mitatu anatembeaje? Hadija akasema hajui mikono yake aiweke wapi, mara nyuma, mara kifuani, mara anang'ata kucha. Yustina akasema anajiinamia kwa sababu kifua kimeanza na hataki watu waone. Mimi nikakumbuka nilivyokuwa nikikaa na magoti yamebanana, nimeyakumbatia. Tukawa tunaigiza mbele ya kioo, mmoja anatembea, wengine wawili wanatazama na kucheka, halafu kicheko kinaisha ghafla kwa sababu mtu amekumbuka jambo lake. Kila mmoja alileta kitu chake kwenye mwili wa yule mwanasesere. Nilimpa kope za manyoya ya mbuzi ili aweze kufumba macho. Wanaume wa Dar hawakuwahi kumpa mwanasesere kope.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa. Fundi wa jenereta, Mzee Athumani, alikuwa akiingia ghalani mchana na jioni kukagua nyaya za taa zetu. Mtu mwema, hana neno. Lakini mimi nililelewa Mchombe na Bibi Matrona. Kumwacha mwali wazi juu ya meza, mwanaume anaingia na kutoka, nilishindwa. Nilijua ni waya. Nilijua ni sponji, niliishona mwenyewe. Mkono ulikataa. Kwa hiyo kila tulipoacha kazi, wenzangu wakishatangulia nje, nilichukua kipande cha kaniki laini nikamfunika, taratibu sana, na tuliporudi nikamfunua mtu hajaona. Nilijiambia kitambaa chenyewe ni chepesi, hakitadhuru kitu. Nilifanya hivyo wiki nne.

Filamu ilipelekwa kusafishwa, maana zama zile huoni ulichopiga mpaka filamu isafishwe mbali na kurudishwa, na ilichukua karibu miezi mitatu. Ilirudi pamoja na Mkuu wa Kitengo mwenyewe na projekta yake, ndani ya gari la serikali lililojaa tope. Tukafunga madirisha, tukakaa. Mwali akaonekana. Alikuwa mzuri, nawaambia, alikuwa mzuri mno. Akatembea hatua nne, kichwa kikashtuka. Akatembea tena, bega likaruka. Akainua mkono kucheza, mwili mzima ukatetemeka.

"Huyu binti ana degedege?" Mkuu akauliza.

Yustina alikuwa amesimama tayari. Akaanza kuikagua kamera, akakagua stendi, akaapa kwa watakatifu wote kwamba hakuigusa meza. Hadija naye akaanza kujilaumu kwamba huenda ubao ulivimba kwa unyevu. Nikaona wenzangu wanatafuta kosa langu kwenye mikono yao. Nikasimama.

"Ni mimi. Nilikuwa namfunika."

"Unamfunika nini?" Mkuu akauliza.

"Mwali. Mzee Athumani akiingia."

Yustina akalipuka. "Wiki nne, Mektilda! Wiki nne za mgongo wangu! Wewe uliyenifundisha mimi nisimguse!" Alitoka nje akaubamiza mlango. Hadija akamfuata, na hilo liliniuma zaidi.

Mkuu wa Kitengo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa barua na mafaili. Alivua kofia, akaniambia, "Ndugu Mektilda, filamu zimebaki mbili nchi nzima. Moja ni ya chanjo. Hii nyingine niliileta kwa ajili ya vita. Mwali tumsahau." Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni yenyewe kwa bahati, na filamu ya kamera ilitoka nje ya nchi. Alikuwa akisema kweli. Filamu moja ilitosha dakika mbili na nusu, tukipiga bila kupoteza hata picha moja.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Jumamosi nikapanda lori kwenda Mchombe kumwambia Bibi kwamba nimemharibia ngoma yake. Nilimweleza yote. Kufika kwenye kumfunika, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mke mwenzangu, nimekulea vizuri kupita kiasi!" Kisha akakunja uso. "Ngoja. Ngoma ipi?"

"Ya kukutoa nje, Bibi. Nilitaka ujione unavyotolewa."

"Nani alikutuma unidanganye? Mimi sikutolewa. Nilitoka mwenyewe. Nimekuomba umtengeneze yule aliyetoka, wewe unanitengenezea mwingine, mwenye ngoma!"

Alikasirika kweli, akakataa hata uji nilioupika. Na mimi, badala ya kuumia, nikaanza kuona. Kurudi Ifakara niliwafuata wenzangu nyumbani kwa Hadija. Yustina alikuwepo, akageuza uso ukutani. Nikasema nikimwelekea yeye huyohuyo: "Mwali hatoki nje mpaka nyumba iwake. Basi vita tuvipige kutokea ndani. Hatuhitaji wapiganaji. Hatuhitaji boma. Tunahitaji nyumba moja, mwanga wa kwenye nyufa, na yeye anasikiliza. Mkuu atapata vita vyake, ingawa si dakika nane, Bibi atampata msichana wake, na filamu ni ileile moja."

"Nyufa zitapigwa taa kutokea nje," Yustina akauambia ukuta, "na vivuli vya miguu vipite. Nitaviweka kwa karatasi nyeusi." Hadija akauliza paa liwake vipi. Nikajua nimesamehewa, au angalau nimerudishwa kazini.

Kumshawishi Mkuu kulichukua simu mbili za posta zilizokatikakatika. "Wanafunzi wanataka kuona vita, Ndugu Mektilda." Nikamjibu, "Na wasichana walikuwa wapi vita vilipokuja, Ndugu Mkuu? Nao wapo darasani." Simu ikakatika. Iliporudi akasema, "Haya. Lakini safari hii akitetemeka, ninyi watatu mtarudi Dar kushona mapazia."

Kuhusu kumfunika, Hadija ndiye aliyepata jawabu. Alifunga kamba juu kwenye boriti za ghala, akatundika kanga kuizunguka meza yote pande nne, mbali na mwanasesere. Mzee Athumani akija anapiga hodi, anakohoa, anakagua nyaya zake nje ya kanga. Hakuna nguo iliyomgusa mwali, wala mwanaume aliyemwona. Tulipiga wiki sita. Kila Jumamosi nilikwenda Mchombe, na Bibi akauliza, "Bado?" Nikasema bado. Jumamosi moja nilisimama mlangoni kwake nimevaa kitenge chekundu, akaniuliza ni nani aliyesimama pale. Nikasogea, nikakiweka kiganja chake usoni pangu.

Filamu ikaenda kusafishwa. Tukasubiri.

Sasa, kabla sijaisimulia siku iliporudi, nimalizie kwanza habari za vituo vyangu vingine, maana nikishaisimulia sitataka kusema jingine.

Baada ya Ifakara nilipelekwa Chita, kambini, kuwafundisha wasichana waliokuwa jeshini kwa mujibu wa sheria wapige sinema fupi za usafi. Mkuu wa kambi alinipa chumba cha kuhifadhia majembe na wasichana kumi wenye usingizi. Katika miezi minane walitengeneza sinema nne, mojawapo kuhusu msichana anayeficha barua ya nyumbani ndani ya buti, na hakuna aliyewatuma kuitengeneza hiyo. Kisha Uchindile, sinema ya upandaji miti, baridi kali, vidole vinaganda huwezi kumsogeza mwanasesere mpaka upashe mikono kwenye kikombe cha chai. Halafu Dar tena, na mwisho nikapewa cheo cha Msanii Mkuu, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho pale Kitengoni. Siku naingia ofisini nilikuta vijana wa kiume wametundika vitambaa kuizunguka meza ya picha, pande nne, kutoka darini. Nikawauliza kwa nini. Wakaniambia, "Ndiyo utaratibu, Mama. Linaitwa pazia la mwali. Linazuia upepo." Hawakujua limetoka wapi. Nikawaambia ni utaratibu mzuri, waendelee nao.

Nimestaafu, niko Ifakara, nalima mpunga kidogo na nasumbuana na ndege. Wasichana wa siku hizi wananifuata na simu zao. Simu inapiga picha moja-moja, inaziunganisha yenyewe, unaona ulichofanya palepale. Wananionyesha: msichana wa udongo anasuka nywele, msichana wa kitambaa anangoja daftari la shule. Wanaogopa nitawacheka. Sicheki ng'o. Nawakemea wakisogeza punje mbili badala ya moja, na nawauliza swali lilelile: huyu msichana ni nani, na nani anataka kumwona? Asiyekuwa na jibu namwambia aende akalitafute kwanza. Wananiita mkali. Ni kweli, na sina mpango wa kubadilika.

Haya. Siku yenyewe.

Mkuu wa Kitengo alikuja na projekta, saa tisa alasiri tukayafunga madirisha ya ghala. Bibi tulimleta kwa lori, amekaa mbele na dereva. Wanawake wa Mchombe walikuja nyuma ya lori, vikongwe watatu wa rika lake wakiwa juu ya magunia, na wa Ifakara wakajaza mabenchi. Bibi nilimweka kwenye kigoda hatua moja tu kutoka kwenye kitambaa, kwa sababu ya lile tundu lake la kuonea. Ilimbidi ageuze kichwa huku na huku kutafuta picha.

Sinema ilianza kwa giza, na mistari ya mwanga kwenye ukuta wa matete. Mwali amekaa, magoti yamebanana. Miguu ikapita nje, vivuli tu, mingi. Milio ya bunduki Hadija aliitengeneza kwa kuvunja mianzi mikavu. Mwali akafumba macho, na zile kope za manyoya ya mbuzi zikashuka. Paa likaanza kuwa jekundu. Akasimama, akageuka, akachukua kitu kitandani, akakifunga mgongoni kwa kipande cha nguo, harakaharaka, kama mama anavyofunga mtoto. Lilikuwa bunzi la mahindi lililovishwa kitambaa, mwanasesere wa wasichana wa huku kwetu. Bibi ndiye aliyeniambia, tena kwa kupitia tu, kwamba alikuwa amelificha chini ya mkeka, maana mwali hatakiwi kuchezea vitu vya kitoto, na kwamba alitoka nalo. Kisha mlango ukajaa mwanga mweupe, akatoka.

Hakutetemeka. Hata mara moja.

Picha ya mwisho amesimama kwenye matete, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Rudisha," Bibi akasema.

Mkuu akaanza kueleza kwamba mashine inahitaji kupoa kwanza. Bibi akamwambia, "Mwanangu, nimesema rudisha." Yustina akarudisha. Bibi akatazama tena, pua karibu iguse kitambaa. Akataka mara ya tatu. Safari hii msichana alipofika mlangoni, Bibi akainuka kwenye kigoda, akanyoosha mkono kwenye mwanga wa projekta, na yule mwali akaja kumwangukia kiganjani, na bunzi lake mgongoni, akamtembelea kwenye vidole.

"Ndiye huyu?" akaniuliza.

"Ndiye wewe, Bibi."

"Mbona ni mtoto."

Akawageukia wale vikongwe watatu, mkono bado uko juu, mwanga unamchoma usoni, naye hawaoni.

"Mnamwona? Mtoto kadogo hivi, na bunzi mgongoni. Njaa angeileta na nini?"

Halafu mkongwe mmoja kati ya wale, mkubwa kuliko wote, akajiinua kwa fimbo yake, akavua kanga ya mabegani, akaenda akamfunika Bibi kichwani mpaka miguuni. Akamshika mkono, akamgeuza awaelekee watu, akamfunua. Kigelegele cha kwanza kikapigwa na Hadija, na ghala zima likasimama kumtoa mwali.